Ng'ombe wa Harusi Nilimchosha Mie, Lawama Akabeba Bi Chau

Nimekosa jamani, na leo nalitema. Jina langu silitaji, maana Keko nzima itanicheka na mie bado natafuta mchumba. Ila kuna mtu jina lake limechafuka kwa ajili yangu, na hilo linaninyima raha kila nikiona sahani ya pilau.

Mtu mwenyewe ni Bi Chau, mpishi wa shughuli. Zamani kwetu harusi ilikuwa haipangiwi siku mpaka iulizwe kwanza, "Bi Chau ana nafasi?" Mama huyu kanilisha tangu natembea bila kaptula. Akiinua mwiko wake, hata wazee wanasogea wenyewe.

Sasa, Mjomba Sele alikuwa anamwoza bintiye mkubwa. Akaniita. "Kuna ng'ombe nimeshamlipia Pugu mnadani. Mlete Alhamisi. Alale hapa, anywe maji, azizoee sura zetu. Jumamosi asubuhi tunachinja. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Mjomba."

Nilimsikia kweli. Masikio yangu hayana kosa.

Mjomba akaenda zake Bagamoyo kuchukua wazee. Alhamisi hiyohiyo banda la video likaleta mkanda mpya wa karate. Ijumaa wakaweka sehemu ya pili. Ningefanyaje? Ningefanya nilichotumwa, najua. Lakini nilijiambia ng'ombe ni ng'ombe, alale Pugu alale Keko, si anachinjwa tu? Shangazi aliponiuliza nikamwambia nimemfunga kwa rafiki yangu, nyuma ya mashine ya kusaga, uwani kwetu hapatoshi.

Jumamosi nikamfuata mbiombio. Pugu mpaka Keko kwa miguu, jua linapanda, mie nyuma na fimbo. Maskini hakunywa hata tone. Tulipofika kwa mafundi seremala, fundi mmoja akawasha msumeno wa umeme. Yallah! Kamba ikanichomoka.

Dume likaingia kwenye vitanda vilivyopangwa barabarani. Likaruka sofa. Likafika kwenye meza ya kujipambia, likamwona dume mwenzie kwenye kioo, likainamisha pembe. Kioo hakikuvunjika, nisilisingizie. Liligeuka lenyewe, nadhani lilijionea aibu.

"Braza!" fundi akanipigia kelele. "Kama unataka kitanda njoo wewe, usitume ng'ombe akuchagulie!"

Tulilikimbiza Keko nzima. Tulipolikamata lilikuwa linatoa povu, mapaja yanatetemeka kama mtu mwenye homa. Nikalifikisha nyumbani, mchinjaji kashasimama na kisu.

"Mbona anahema hivi?"

"Ana hasira tu huyu."

Watu walishachelewa. Akachinjwa palepale.

Bi Chau alipoishika ile nyama akaigeuza mara mbili. Nyeusi kama ini, inanata vidoleni, na imekakamaa mapema mno. Akaniita pembeni.

"Mwanangu, ng'ombe huyu alipumzika?"

"Alipumzika, Bi Chau. Usiku alikoroma kabisa."

Jamani! Ng'ombe anakoroma? Lakini aliniangalia usoni, akaniamini. Kanilea, kwa nini asiniamini?

Akaweka papai bichi la kuilainisha. Akaongeza kuni. Adhuhuri ikapita, wageni wanameza mate. Pilau lilipotoka, wali ulikuwa mtamu, haki yake nampa. Nyama sasa! Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi alitoa meno yake ya bandia, akayafuta kwa leso, akayatia mfukoni. "Haya nayatunzia harusi nyingine," akasema.

Uwani kwenye masufuria, Shangazi hakungoja. "Bi Chau kazeeka, mwenzangu. Mkono umepoa." Wanawake wakacheka. Simlaumu Shangazi, alisema alichokitafuna. Wa kulaumiwa ni mie, maana nilikuwa nimesimama pale, na badala ya kufunga mdomo nikachangia, "Labda na papai alilochagua lilikuwa bovu."

Papai nalo naliomba radhi.

Tangu siku ile, kwenye harusi wakawa wanaita mpishi mwingine, wa kutoka Magomeni. Bi Chau akawa anachoma vitumbua barazani kwake. Mie napita upande wa pili wa njia, nimegeuza shingo kama nimelalia mto mbaya.

Nilidhani litapoa. Sasa juzi nimekaa na chai, redioni kuna kipindi cha wafugaji. Daktari wa mifugo anaeleza kuwa mnyama akiogopa, mwilini kunamwagika homoni, inakimbia kwenye damu kama mpiga mbiu: kimbia, kimbia! Moyo unakwenda mbio, misuli inachoma sukari yote iliyojiwekea. Mnyama aliyepumzika, sukari hiyo anachinjwa nayo, inageuka asidi, ndiyo inaipa nyama wekundu na ulaini wake. Aliyekimbizwa hana akiba. Nyama yake inakuwa nyeusi, inanata, inakakamaa upesi.

Mie ni darasa la saba, pengine nimechanganya mahali, wataalamu wanisahihishe. Lakini hayo matatu ya mwisho sikuyachanganya. Niliyaona kwenye mikono ya Bi Chau.

Nikaenda. Nikamkuta anageuza vitumbua.

"Shikamoo, Bi Chau."

"Marahaba. Leo shingo imepona?"

Nikamwambia yote: video, fimbo, sofa, kioo, hata nilivyomsema na papai lake. Hakugeuka.

"Kwa hiyo hakukoroma?"

"Hakukoroma, Bi Chau."

Akaweka kijiti chake chini. "Unajua nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa nanunua nyama nusu kilo, nafunga mlango, napika peke yangu. Niione mikono yangu ina nini. Inaiva. Nikila nasema leo bahati tu."

Nililia, sioni haya kusema. "Nisamehe, Bi Chau."

"Uliponisema, ulinisemea wapi?"

"Uwani. Kwenye masufuria, mbele ya wanawake."

"Basi kaniombe radhi hukohuko. Vitumbua hivi havijawahi kunicheka."

Ndiyo maana nawaandikia nikiwa nimekaa juu ya gunia la mkaa, uwani kwa Mjomba Sele. Leo anamwoza binti mdogo. Safari hii niliomba mwenyewe kumleta ng'ombe, nikamleta Alhamisi, pole pole, tukipumzika kila penye kivuli. Akanywa maji, akalala, akatafuna na khanga ya Shangazi. Asubuhi amechinjwa katulia. Nyama iko kwenye sinia, nyekundu inang'aa.

Moto haujawashwa. Mpishi wa Magomeni hajafika. Bi Chau kaja kama mgeni, kakaa kwenye mkeka pembeni, lakini naona kitu kirefu kaviringisha ndani ya khanga, na mie mwiko ule naujua. Nikisema sasa hivi, na nikiaminiwa, utatoka. Nisiposema, atarudi nao nyumbani ulivyo.

Enyi mnaotumwa ng'ombe wa shughuli, mleteni mapema mumwache apumzike. Na kama mmeshamkimbiza, semeni kabla sufuria halijapanda jikoni, maana baada ya hapo mtamchoma mpishi badala ya kuni.

Shangazi anauliza nani ataanza kukata nyama. Wanawake wanatazamana. Moyo wangu unakwenda mbio, mapaja yanatetemeka, mpiga mbiu anakimbia kwenye damu yangu akinifokea nitoke na mlango wa nyuma. Mtu akinichinja saa hii, hata shamba zima la mapapai halinilainishi.

Nasimama.