Wote wa Nyumbani

"Nijibu, Mama Mdogo. Hayo maneno umeyatoa wapi?"

Saa tano asubuhi, kwenye ngazi za jengo la ghorofa mbili, nesi wa chini amemzuia jirani yake wa juu, mshonaji mstaafu. Si ndugu wa damu. Huitwa mama mdogo kwa kuwa yeye na marehemu mama yake nesi walikuwa chanda na pete.

Kisa ni utani. Mshonaji amemwona mume wa nesi akipita, akacheka kwamba anatembea kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Maneno hayo ni ya marehemu mwenyewe, na aliyasema mara moja tu, kwenye video aliyorekodiwa na mwanawe wa kiume wiki chache kabla ya kufariki, mwaka jana. Video hiyo haijawahi kutoka sebuleni kwa nesi.

"Nimemwona akiyasema," mshonaji anajibu. "Kwenye televisheni yangu."

Milango mitatu inafunguka kidogo. Jirani mmoja amefagia ngazi ileile mara nne sasa, na bado anaona vumbi.

Ndipo nesi anapomwita Dada Waya, aliyemfungia mitambo ya kutazama video sebuleni.

Dada Waya, mwenye umri wa miaka 41, ni fundi wa hifadhi za filamu za majumbani. Huleta sanduku dogo lenye diski mbili, huliunganisha na ruta ya intaneti, kisha huhamishia humo filamu, picha na video za familia. Baada ya hapo ni kukaa kwenye kochi na kuchagua kwa rimoti.

Kwa nini diski mbili? "Ya pili inanakili kila kilichomo kwenye ya kwanza," anasema. "Moja ikifa, nyingine inasimulia."

Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa na duka la kukodisha filamu. Alijua nani anapenda za kulia, na nani anakodi za watoto ilhali hana mtoto. Intaneti ilipoingia, wateja walipungua mpaka zikapita siku tatu hajabisha hodi mtu. Alifunga duka, akabaki na CD 900 na kiti kirefu cha wateja. Ufundi alijifunza kwa kufungua na kufunga sanduku bovu alilopewa bure.

Leo amehudumia nyumba 63. Wiki nzuri humpa kazi nne; nyingine hazimpi hata moja. "Nikigonga mlango wananiuliza fundi yuko wapi," anasimulia. "Nawaambia yuko kwenye ngazi, anakuja. Halafu naanza kazi."

Sebuleni kwa nesi anakaa sakafuni, simu mkononi, na dakika tatu hazijaisha anajishika kichwa.

Siku alipofunga mitambo, sanduku liliuliza ni akina nani waruhusiwe kutazama. Alimuuliza nesi, nesi akasema wote wa nyumbani, naye akachagua "wote". Hakujua kwamba ruta ile inahudumia nyumba mbili: marehemu na shoga yake wa juu, mshonaji, walikuwa wakichangia intaneti, na nesi hakuwahi kuukata mchango huo. Kwa sanduku, kila anayepitia ruta hiyo ni wa nyumbani.

"Kosa ni langu," anasema bila kuzunguka. "Nilipaswa kuuliza nyumbani panaishia wapi."

Nesi anataka pafungwe sasa hivi. Dada Waya anamwonyesha alama kwenye simu: akibonyeza hapo, ghorofa ya juu haitaona kitu tena. Lakini habonyezi. Anamgeukia mshonaji, aliyesimama kizingitini bila kukivuka, na kumuuliza ametazama filamu zipi.

Kumbe kati ya filamu mia tatu zilizomo sandukuni hakugusa hata moja. Ni video hiyo tu, ya dakika arobaini, kila siku mchana. Kwa miaka kumi na tisa yeye na marehemu walikula pamoja chakula cha mchana.

"Napakua chakula, namwasha, tunakula," anasema. "Nilidhani ni wewe umeniwekea, mwanangu. Nikaona haya kuuliza."

Nesi anaketi. Anakiri kwamba yeye mwenyewe hajawahi kuimaliza. "Nafika pale anapovua miwani, nazima."

"Basi hujafika anapokutaja."

"Ananitaja?"

"Dakika ya ishirini na tisa. Anasema umerithi ukaidi wake, na kwa hilo hana wasiwasi na wewe."

Kwenye ngazi, ufagio umenyamaza.

Dada Waya anapenda kukaa kwenye kazi za namna hii kuliko zile za filamu tupu. Anapanga kukodi tena chumba kinachotazama barabara, ambako watu wataleta kanda na CD zao za harusi na misiba kabla hazijaharibika. Kile kiti kirefu bado anacho. "Mashine nimezizoea," anasema. "Ninachokosa ni kelele za watu."

Anainua simu, anamuuliza nesi abonyeze au aache.

Nesi anainuka. Anamtazama mwanamke aliye mlangoni.

"Umeshakula?"

"Bado."

"Basi usisimame hapo kama mdai. Ingia, Mama Mdogo, tule. Nishike mkono mpaka ishirini na tisa. Na wewe fundi, weka simu chini ukanawe."