Mshono wa Mkono wa Kushoto

Niliolewa kijiji kimoja cha Kisarawe nikitokea upande wa Mlandizi, miaka michache baada ya vita kuu ya pili, nguo zilipoanza kuonekana tena madukani. Wakati wa vita yenyewe tulivaa kaniki moja mpaka ikatuishia mwilini, na mama yangu alikuwa na kanga moja nzuri aliyoifunga siku za misiba na harusi tu. Kwa hiyo nilikua na uchu wa rangi. Nikikiona kitambaa chekundu au cha manjano kimeanguka njiani, sikuweza kukipita.

Mume wangu alikuwa na mke tayari, mwenyeji wa Kurui, na sote tulikaa ua mmoja. Nyumba yake ilikuwa kubwa, yenye baraza. Yangu ilikuwa ndogo, upande wa jikoni, mlango ukitazamana na wake. Alikuwa amenizidi umri kiasi cha kumwamkia shikamoo, na nilimwamkia kila asubuhi. Anaitikia marahaba, halafu anaendelea kusuka ukili wake wa mkeka. Hakunitukana hata siku moja. Lakini hakunikaribisha barazani kwake pia, na mimi, mtoto wa watu niliyeletwa mahali nisipomjua mtu, nilishinda ndani kwangu nikiwa sina la kufanya baada ya kazi za shamba.

Ndipo nikaanza kushona. Hakuna aliyenifundisha. Siku moja nilikwenda Kisarawe mjini kununua chumvi na mafuta ya taa, nikaona nyuma ya duka la Mhindi, kwenye kamba, shuka nzito iliyoungwa kwa vipande vya kila rangi. Mke wa mwenye duka alikuwa anaianika. Hatukuwa na lugha ya kuzungumza, nikasimama tu kama mtu anayesubiri mwenziwe. Niliona kwamba ina pande mbili, katikati kuna kitu laini, na juu uzi umepigwa bandi kwa mistari ili kile cha ndani kisikimbilie upande mmoja. Fundi cherehani aliyekaa barazani pa duka, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliniona ninavyokodoa macho.

"Ule ni mfarishi," akasema. "Unaupenda?"

"Naupenda, lakini sina kitambaa."

Akasukuma kwa mguu kikapu kilichokuwa chini ya cherehani yake. Kilijaa vipande vinavyobaki anapokata nguo za watu: maua, mistari, madoa, vingine vidogo kama kiganja. "Chukua. Mimi navichoma tu."

Nikafunga furushi, nikajitwika, nikarudi nyumbani nikiona kama nimebeba harusi.

Mfarishi wangu wa kwanza ulikuwa aibu. Niliujaza sufi kutoka msufi uliokuwa mpakani mwa shamba letu, nisijue kwamba sufi lazima uichambue mbegu zote kwanza. Ukiulalia, ulihisi umelalia kunde kavu. Kisha kipande chekundu kikachuja rangi nilipoufua, mfarishi mzima ukawa na madoa kama mtu mwenye surua. Nikaufumua wote, nikaushona upya, nikajifunza. Vipande nikawa navifua peke yake kwanza. Sufi nikawa naichambua juani, mbegu moja moja, mpaka pua inawasha. Kingo nikazikunja ndani kabla ya kuunga, maana ukingo uliokatwa hufumuka uzi baada ya uzi.

Wa pili ulipoanza kupata sura niliupenda mno. Nilikuwa nauacha kitandani umekunjwa, nakwenda shamba, na huko nalima nikiwaza nitaweka rangi gani kando ya rangi gani.

Sasa asubuhi moja nikaukunjua ili niendelee, nikaona jambo. Pembeni, kwenye kipande cha zambarau chenye maua ya manjano, mshono haukuwa wangu. Mimi nilishona kwa pupa, hatua kubwa, uzi unalegea hapa na pale. Huu ulikuwa mdogo, umekazwa vizuri, na ulilalia upande usio wangu. Wangu ulilala kama mvua inayopigwa na upepo wa kusi. Huu ulilala kinyume chake.

Nikadhani nimesahau. Labda nilikishona siku niliyokuwa nimechoka. Lakini siku chache baadaye nikakuta mwingine, kwenye kipande kilichopakana na kile, na mara hii nilikuwa na hakika, kwa sababu uzi wangu ulikuwa mweusi na huu ulikuwa wa bluu iliyoiva, unaofanana na mweusi mpaka uupeleke juani.

Asiyeijua nchi ile atasema, mtu amekusaidia kushona, tatizo liko wapi? Lakini sisi tulilelewa kujua kwamba nguo unayojifunika ni kama ngozi yako. Mtu akiingia chumbani kwako kwa siri, akafungua nguo yako na kuifunga tena, hakuja kukusaidia. Amekuja kuweka kitu.

Nikaketi mlangoni, nikaufumua ule mshono wa kigeni, nikapenyeza vidole ndani ya sufi. Nikatoa mbegu nyeusi, kama zile za sufi, zimekaa pamoja kama zimepangwa. Nilikuwa nimechambua sufi ile kwa mikono yangu. Mbegu zilitoka wapi? Nikazitupa motoni, zikalia pwa, pwa.

Tangu hapo sikumwamini mtu. Mume wangu nikamtazama kwa jicho jingine. Wakati ule ilikuwa kipupwe, asubuhi tunaota moto, lakini yeye zamu yake ya kulala kwangu alikuwa anausukuma mfarishi ule wa kwanza miguuni na kujifunika kikoi chake.

"Mbona hujifuniki?" nikamwuliza.

"Naona joto."

"Joto? Kipupwe hiki?"

Akageukia ukutani. "Nguo yenyewe ina vipande vya watu wangapi?" akasema. "Mtu hata hujui umelala na nani."

Nikajua kuna maneno yamesemwa. Yamesemwa na nani, hakuniambia. Nikawa nahesabu watu: jirani aliyekuwa akija kuomba moto, wifi yangu aliyechungulia siku moja na kusema "hee, unajua kuungaunga." Kila mmoja nikamwona ni yeye. Nikiona mtu anacheka na mwenzake kisimani, nilijua nasemwa mimi. Chakula nikawa napika mwenyewe na kukifunika mwenyewe. Sindano nikawa naiacha imechomekwa kwenye mfarishi ikielekea mlangoni, nikitoka nasema moyoni nitaona kama imeguswa. Nikirudi nakuta inaelekea dirishani.

Jawabu lilinijia bila kulitafuta. Mke mwenzangu alikuwa amekaa barazani kwake akishona mkeka, anaunga ukili kwa ukili, na mimi nilikuwa napepeta mchele uani. Nikainua macho, nikaona sindano yake ndefu inapita kwa mkono wa kushoto. Nilikuwa nimemwona miaka yote ile akimenya muhogo kwa mashoto, akitwanga kwa mashoto, na sikuwahi kulifikiri. Nikautazama mkeka. Mishono ilikuwa midogo, imekazwa, na imelalia upande usio wangu.

Nikaendelea kupepeta. Mchele ukamwagika, kuku wakaja.

Siku ya pili yake nikasema kwa sauti, asikie, kwamba nakwenda kuokota kuni mbali na sitarudi mpaka alasiri. Nikatoka na kamba na mundu. Nikafika kwenye mihogo, nikakaa chini kidogo, halafu nikarudi kwa njia ya nyuma ya choo, miguu peku, viatu nilikuwa sina hata hivyo.

Alikuwa ndani kwangu. Amekaa sakafuni penye mwanga wa mlango, mfarishi uko magotini, amefungua pembe moja, na vidole vyake vimo ndani ya sufi kama vya mtu anayetafuta chawa kichwani mwa mtoto. Sindano alikuwa ameibana midomoni.

"Shikamoo, dada," nikasema. Nilikuwa nimekusudia kupiga kelele, lakini ndilo lililotoka.

Hakuruka. Akaitoa sindano mdomoni taratibu. "Marahaba."

"Unaweka nini humo?"

"Mimi naweka?" Akanitazama, na ndipo nilipoona kwamba ananiogopa. Mwanamke yule mkubwa, mwenye nyumba yake na baraza yake, aliniogopa mimi. "Wewe ndiye uniambie umeweka nini."

"Niweke nini katika nguo ninayojifunika mwenyewe?"

Akashika kile kipande cha zambarau chenye maua ya manjano, akakivuta mpaka mfarishi wote ukaja. "Hiki cha nani?"

"Changu."

"Chako! Hili ni gauni langu. Nimelishonesha kwa ajili ya sikukuu ya Idi, lipo sandukuni mwangu, nenda kalitazame. Kitambaa cha gauni langu kimefikaje kitandani kwako?"

Sikuwahi kuliona gauni lile. Akaendelea, na sauti yake ikaanza kukatika. Akasema tangu kipupwe kiingie anachomwa ubavuni, akivuta pumzi ni kama kisu. Alikwenda kwao Kurui, wakampigia ramli, akaambiwa kuna mtu ameshika nguo yake. Akarudi akafungua sanduku, akatazama kila kitu, hakuna kilichopungua. Halafu siku moja nilianika mfarishi wangu juani, naye akapita, akajiona mwenyewe pale, katikati ya rangi za watu.

"Nimefungua kila pembe," akasema. "Nimekuta mbegu."

"Hata mimi nimekuta mbegu! Nikadhani umeziweka wewe!"

Tukatazamana. Hakuna aliyecheka. Nasema hivi kwa sababu watu nikiwasimulia hucheka hapo, lakini sisi siku ile hatukuona la kuchekesha.

"Na kwa nini ulikuwa unashona tena?" nikamwuliza.

"Ningeacha wazi ungejua." Kisha akaongeza, kama aliyeudhika, "Na mshono wako ni mbaya. Sikuweza kuurudisha vile ulivyokuwa."

Nikamweleza habari ya fundi na kikapu. Hakuamini. Nikamwambia basi twende. Tukaenda kesho yake, yeye mbele, mimi nyuma, akisimama kila mara kushika ubavu. Nilipotaka kumpokea mzigo wake mdogo alikataa. Njia yote hatukuzungumza ila kuamkia watu.

Fundi alituona akafurahi. Alipoulizwa, akavuta kikapu chake kikiwa kimejaa tena, akakimwaga barazani. Mke mwenzangu akachutama, akachambua. Kulikuwa na vipande vingine viwili vidogo vya zambarau chini kabisa.

"Lile gauni lako," fundi akamwambia. "Si uliniambia nibane kiuno, kisha ukarudi ukasema umeshindwa kupumua, nikakitoa nikaweka kipana? Vipande vya kiunoni ndivyo hivyo."

"Na huyu ulimpa wewe?"

"Mimi humpa kila anayeomba. Kwani nimekosa?"

Mke mwenzangu akaviokota vile viwili, akavifunga katika pindo la kanga yake. Kabla ya kuondoka Kisarawe nilimwambia twende hospitali maadamu tumefika, nikategemea atakataa, naye akakubali, nadhani kwa sababu alikuwa amechoka kuumwa. Akapewa dawa.

Tulipofika nyumbani akasimama mlangoni kwangu. "Nimesikia maneno ya fundi," akasema. "Lakini nitoe humo."

Nikautoa mfarishi uani, mbele yake, mchana kweupe, nikafumua kile kipande cha zambarau nikamkabidhi. Akakipeleka kwake. Alikichoma au alikiweka sikujua, na sikuuliza. Pale palipobaki wazi nikaweka kipande cha kaniki, kwa sababu sikuwa na kingine cha ukubwa ule.

Kichomi kilimwacha kabla ya mvua za vuli. Mimi nasema ni dawa ya hospitali. Yeye mpaka tulipokuwa wazee wote wawili alisema ni kwa kuwa kitambaa kilirudi kwake. Kwamba mimi sikuwa na nia mbaya, lakini nguo ilikuwa imekwenda ilikokwenda. Mume wetu hakukiri kwamba aliyasikia maneno ya mke mwenzangu akanificha. Alianza tu kujifunika.

Baada ya Idi nikamwona mke mwenzangu amekaa barazani na sindano, na sufi kwenye ungo. Ameanza mfarishi wake. Nilipita mara mbili nikijifanya nina kazi pale. Mara ya tatu akasogeza kigoda kwa mguu, bila kuniangalia.

"Una vipande?"

Nikakimbia kuleta furushi langu, nikalifungua mbele yake. Akachukua kimoja chenye mistari ya kijani, akakigeuza, akakinusa.

"Hiki cha nani?"

"Cha shati la mume wetu, lililochanika."

Akakiweka pajani. Akachukua cha pili, chekundu, kizuri kuliko vyote nilivyokuwa navyo.

"Na hiki?"

"Sijui. Kimetoka kwa fundi."

Akanirudishia, akachukua cha tatu.