Kula na Kura za Mwalimu Révérien

Mwalimu Révérien Ndayisaba alikuwa ameanza kusomea uzamili wa Kiswahili mara mbili, na mara mbili ukamponyoka. Ya kwanza, chuo kilifunga masomo yale kabla hajamaliza. Ya pili, kidole tumbo kilimshika wiki ya mtihani, akajikuta hospitali badala ya ukumbini. Alipojiandikisha mara ya tatu alikuwa na miaka hamsini na mmoja, na mkewe, Akimana, alimwambia bila kupaza sauti kwamba hakuna ya nne.

Mimi ni fundi cherehani hapa Kinyinya, Kigali. Wakati ule nilikuwa mwenyekiti wa ushirika wetu wa mafundi hamsini na wawili, niliyechaguliwa mara tatu mfululizo, na sikuona aibu kujisifia. Kiswahili nimekirithi kwa babu, aliyekuja na wafanyabiashara wa pwani. Révérien yeye alikipata Buyenzi, mtaa wa Waswahili kule Bujumbura alikozaliwa. Kwa hiyo mimi na yeye tukizungumza, r ni r na l ni l. Kigali hii, hiyo ni anasa.

Alikuja kwetu kufanya utafiti. Kichwa cha tasnifu yake kilikuwa "Kura katika Ushirika wa Mafundi Cherehani". Kichwa hicho alimsomea kwa simu karani wa chuo, Eustache, ili akiingize kwenye kompyuta. Eustache ni mtu makini. Anajua kwamba sisi Wanyarwanda tunachanganya r na l, akadhani mwalimu naye kateleza, akamsahihisha kwa moyo safi. Barua ya idhini ilipotoka, baraza la chuo lilikuwa limepitisha "Kula katika Ushirika wa Mafundi Cherehani".

Révérien alipanda pikipiki mpaka Kimihurura, chuoni, na barua mkononi.

"Mwarimu, sistemu iko nakataa," Eustache alimwambia. "Baraza ikishapitisha, herufi haiguswi. Uombe upya mwaka kesho."

Mwaka kesho Kiswahili kisingefundishwa. Darasa zima lilikuwa na wanafunzi watatu, na wawili walishahamia masomo ya utalii. Révérien akaenda kwa msimamizi wake, Daktari Bayingana, akitegemea huruma. Daktari alisoma barua, akaikunja vizuri, akamrudishia.

"Kichwa hakibadiliki," alisema. "Badilisha kiwiliwili."

Ndivyo mtu mzima, baba wa watoto wanne, alivyorudi kwenye karakana yetu na mizani ya jikoni. Kwa miezi minane alipima sahani zetu. Alihesabu matonge. Alimwuliza Jovia, mweka hazina wetu, kama hutafuna upande wa kulia au wa kushoto siku ya mkutano mkuu, na Jovia, ambaye kwa kawaida ni mkali kama pilipili, akajibu kwamba inategemea ajenda. Mafundi wengine walianza kuja na sahani zao zikiwa zimejazwa kidogo ili waonekane wastaarabu katika sayansi, kisha wanarudi kuongeza mwalimu akigeuka. Mimi nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Lakini yeye hakucheka, na nilipoona jinsi alivyokonda akipima vyakula vya watu, nikaanza kumwekea sahani yake.

Sasa nieleze desturi yetu moja. Siku ya uchaguzi watu hutoka mbali, wengine na watoto mgongoni, nami sikuweza kuona mtu anapiga kura na njaa. Kwa hiyo nilipika pilau, sufuria mbili. Tunakula kwanza, tunapiga kura baadaye. Mara zote tatu. Wallahi sikuwa na nia mbaya.

Siku ya kutetea tasnifu Révérien aliomba nihudhurie. Akimana alikuwa kazini, na alitaka uso mmoja anaoujua. Nikavaa mtandio mpya, nikakaa safu ya pili. Mtahini kutoka nje alikuwa Daktari Mutsinzi, mzee nadhifu mwenye tai ya kijani, msomi kwelikweli, ila ulimi wake haukuwa na r hata moja ya Kiswahili.

"Je, wanachama wanakula kwa sili?" aliuliza.

Daktari anauliza chakula, au sanduku la kura? Hapakuwa na njia ya kujua, na kumwuliza mtahini ametamka nini ni kujichimbia kaburi.

"Kwa siri, Daktari," alijibu polepole. "Ingawa wengine huchunguliwa na jirani."

"Na kula zilizohalibika?"

"Huwekwa kando, mbele ya mashahidi."

"Mutu mumoja anaweza kula mala mbili?"

"Kanuni inakataza. Hutokea."

Daktari Mutsinzi alikuwa akiandika kwa furaha. Bayingana alitazama dari. Mimi nilikuwa nimeuma mtandio. Kisha mzee akaweka kalamu chini.

"Vizuli. Lakini jibu kuu siioni. Huyu mwenyekiti alishinda mala tatu. Kwa nini? Bila jibu hilo hii si uzamili, ni menyu."

Révérien aligeuka akanitazama, akarudisha macho kwenye karatasi, akaifunika kwa kiganja. Hapo nikaelewa kwamba jibu analo, kwamba ni mimi, na kwamba yuko tayari kuiacha shahada imponyoke mara ya tatu kuliko kulisema mbele yangu. Nilimpenda kwa hilo na nikamkasirikia papo hapo.

"Sema, mwalimu," nikasema kutoka safu ya pili, ambako wageni hawaruhusiwi kusema. "Pilau nilikupa ule, si ikuzibe mdomo."

Akasema. Alikuwa amewahoji wenzangu mmoja mmoja: wangemchagua mama huyu kama hajapika? Kati ya hamsini na mmoja, waliosema ndiyo ni saba.

Walitutoa nje nusu saa, wakatuita ndani. Amefaulu. Daktari Mutsinzi alimshika mkono, akasema ni kazi bora kabisa juu ya kula, na hadi leo hatujui alimaanisha ipi. Révérien alilia waziwazi, nami nikalia naye, ingawa machozi yetu hayakuwa ya jambo moja.

Mwezi uliofuata tulikuwa na uchaguzi. Nilikwenda mikono mitupu, nikakaa. Jovia, aliyegombea nami, alileta chapati.

Nilipata kura kumi na moja. Révérien, aliyekuja kunipa pole, alinieleza kwa upole wa msomi kwamba hizo nne za ziada ni kosa la kawaida la utafiti, nisizitilie maanani. Mimi nazitilia maanani sana. Shida ni kwamba kura ilikuwa ya siri, na mpaka sasa watu ishirini na sita wamekuja mlangoni kwangu, mmoja mmoja, kuniambia kwamba wao wamo katika wale kumi na mmoja. Wote nawakaribisha ndani, nawawekea chai.