Grili ya Mvule

Nikinusa vanishi mbichi popote nilipo, hata benki, akili hunirudisha Kibokoni, kwenye ukumbi wa nyumba yetu, ambako vumbi la mvule lilichanganyika na harufu ya petroli ya kuchanganyia vanishi kwa karibu mwezi mzima. Mvule ukipigwa msasa hutoa vumbi kali linalokaa kooni, na mama alikuwa akiufunika mchuzi kwa vifuniko viwili ili tusile wali wa unga wa mbao. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, nami nilikuwa msichana wa miaka kumi. Baba yangu alikuwa fundi wa milango, ile milango mizito ya nakshi ambayo wageni huja kuipiga picha, lakini wakati huo wenye nyumba walikuwa wameshaanza kupenda mageti ya chuma, na kazi ilimjia kwa msimu kama embe. Alichobaki nacho cha kujivunia ni mikono yake na gari moja kuukuu, Pijo nyeupe, aliyoiegesha kwenye kiwanja nyuma ya msikiti kwa kuwa vichochoro vyetu havikuipitisha.

Wiki chache kabla ya harusi ya Shangazi Nuru, mkokoteni wa viazi uliomshinda mwenyewe uliteremka kutoka upande wa Makadara ukaivunja Pijo uso. Taa zilisalimika, boneti ilipata kovu tu, lakini grili, ule wavu wa mbele unaokaa kati ya taa mbili na kuikinga rejeta inayopoza injini, ikawa vipande. Baba alizunguka maduka ya vipuri mpaka Makupa, akaambiwa kuwa grili ya gari la umri ule haiagizwi tena. Mtu mwingine angefunga waya wa kuku akaendelea na maisha yake. Lakini babu alikuwa ameshafariki, Nuru alikuwa dada yake wa pekee, na baba alikuwa ameapa kwamba atamtoa nyumbani na kumpeleka kwa mumewe, Changamwe, kwa gari lake mwenyewe. Wakwe walituma ujumbe wa heshima kuwa wana magari matatu. Baba aliwajibu kwa heshima vilevile kuwa bibi harusi wa kwetu hatolewi nyumbani kwa gari la watu. Akishindwa, ingesemwa kuwa Nuru aliolewa kama mtu asiye na kwao, na jambo hilo sote tulilijua.

Basi akaichonga grili yeye mwenyewe, na kwa kuwa alichokijua maishani ni milango, akachonga mlango. Alichukua ubao wa unene wa vidole viwili, akauzungushia nakshi ya mnyororo, akachonga mayungiyungi kila upande na mitende kwenye pembe. Katikati akasimamisha mfaa, ile nguzo inayosimama pale mabawa mawili ya mlango yanapokutana, akaupiga misumari ya shaba. Kazi yangu ilikuwa msasa na vanishi, na sikumwachia mtu mwingine. Majirani walikuja kutazama, wakakaa barazani wakisifu. Mama alikuwa mshonaji wa kofia, zile ambazo kitambaa hutobolewa matundu madogo kwa mamia, kila tundu likazungushiwa uzi, mpaka matundu yenyewe yakawa maua. Aliinua macho kutoka kwenye kofia aliyokuwa akiishona.

"Upepo wapita wapi hapo, Baba Salma?"

"Mlango wenye matundu ni wa banda la kuku," baba akajibu, na baraza zima likacheka. Nami nikacheka, tena zaidi ya wote, kwa kuwa nilijihesabu upande wa mafundi. Mama akarudi kwenye sindano yake. Aibu ya kicheko kile ninayo mpaka leo.

Ijumaa baada ya swala, siku mbili kabla ya harusi, baba alitupakia mimi na mama akaenda kuijaribu Pijo barabarani. Watu waligeuka kuitazama, na yeye alikuwa akiendesha polepole kuliko ilivyohitajika ili waitazame vizuri. Tulipofika Makupa malori yalikuwa yamesongamana, magari hayasogei, na mshale wa joto ukaanza kupanda. Ulipanda mpaka mwisho wake, mvuke ukatoka chini ya boneti, na vanishi niliyoipaka kwa mikono yangu ikafanya malengelenge. Mdharau mwiba, guu huota tende. Aliyekuja kutusaidia na ndoo ya maji, kati ya watu wote wa Makupa, alikuwa mjomba wa bwana harusi, mzee mpole aliyekuwa na duka la nafaka papo hapo.

"Fundi, kesho kutwa tutaleta gari letu," alisema kwa wema kabisa. "Usijitie mashakani."

"Inshallah," baba akasema, na sikuelewa kama ni ndiyo au la.

Jumamosi asubuhi aliing'oa grili akailaza kwenye mkeka ukumbini, akakaa mbele yake mikono magotini. Alisema Pijo itakwenda mdomo wazi, bila grili, kisha akasema haiwezi kwenda mdomo wazi. Mama hakumwambia kuwa alimwonya. Alileta kofia yake iliyokuwa nusu, akaitandaza juu ya mayungiyungi.

"Wanaume wavaa hizi jua la saa saba na vichwa vyao havichemki," akasema. "Nguo haipitishi upepo. Matundu ndiyo yapitishayo."

Baba aliitazama ile kofia kana kwamba haijui, ingawa alikuwa akivaa za namna ile tangu siku aliyomuoa. Kisha akasema jambo ambalo sikupata kumsikia akimwambia mtu yeyote.

"Wataka nitoboe wapi?"

Mama akachukua chaki akaweka alama kati ya petali, ndani ya pete za mnyororo, chini ya majani ya mitende. Alipofika katikati aligonga mfaa kwa kidole. "Na huu uondoke."

"Mlango bila mfaa si mlango."

"Ndiyo. Si mlango."

Nilimwona baba akishika msumeno, ingawa ule mfaa ndio uliomchukua siku nyingi zaidi. Aliukata. Kisha akatoboa kwa keekee mpaka alasiri, mimi nikiushika ubao na kupuliza vumbi, nikihesabu matundu mpaka hesabu ikanipotea. Nilitaka kumwomba mama msamaha, nikaona haya, nikamletea maji ya kunywa.

Jumapili msongamano wa Makupa ulikuwa uleule. Shangazi Nuru husema hakulia kama bibi harusi wengine kwa sababu gari zima lilikuwa likitazama mshale, naye akautazama. Ulifika nusu, ukakaa hapo mpaka Changamwe. Mjomba wa bwana harusi alipitisha vidole kwenye grili akauliza fikra ya matundu yale ilitoka wapi. Baba akajibu kuwa fundi husikiliza mbao. Mama alikuwa amesimama hatua mbili nyuma yake, akimtengenezea bibi harusi mtandio. Chema chajiuza, na mwaka ule wenye teksi za kubebea harusi walikuja mmoja mmoja kuagiza grili kama ile. Kila ubao mama aliutia chaki kabla baba hajashika keekee, na kila mteja alimshukuru baba. Siri ya mtungi muulize kata, na kata nilikuwa mimi, nikanyamaza.

Siku hizi grili ni za plastiki, zikivunjika hutupwa, na gari la harusi hukodishwa likiwa na utepe wake tayari. Wazazi wangu wametangulia mbele ya haki, nyumba tuliiuza, Pijo iliishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Grili yake imetundikwa kwenye mkahawa mmoja Makadara, na chini yake kijana mwenye mkahawa ameandika kwa rangi: Kazi ya Fundi Athmani. Mara ya kwanza nilipoiona niliipiga picha nikawatumia wanangu kwa fahari. Mara ya pili niliweka mahamri chini, nikalisoma tena jina lile moja. Nikamwita yule kijana nikamwambia kuna jina limesahauliwa. Akaleta brashi na kikopo cha rangi, akaniuliza aandike nani, nikaona kuwa mtaa mzima ulimjua mama kwa jina la Mama Salma tu, na kwamba nisipolitaja mimi jina lake, hakuna tena wa kulitaja.

"Andika Mwanaisha binti Omari," nikamwambia.

Akaandika taratibu, akauliza kama huyo alikuwa mke wa fundi. Nikamjibu kuwa alikuwa fundi.