Filimbi ya Bi Ngumi

Wifi yangu ni fundi wa mapazia, na kabla hujamfikiria vibaya, jina la Bi Ngumi hakulipata kwa kumpiga mtu. Alilipata juu ya paa la maktaba, ambako kila Jumamosi, jua likishazama, hukutana watu wapenda nyota. Darubini iko moja na watu ni wengi, kwa hiyo kazi kubwa hufanywa na macho matupu, na hapo ndipo wifi alipokuwa malkia.

"Nyoosheni mkono mpaka mwisho," alikuwa akiwaambia. "Kunjeni ngumi, fumbeni jicho moja. Haya, toka kwenye ncha ya mnara wa simu pandeni ngumi tatu, kisha kulia vidole viwili. Ile nyekundu ndiyo moyo wa Nge, lile kundi la nyota."

Ungewaona watu wazima, mikono juu, kama wanataka kuzichapa na mbingu. Aliyepotea, wifi alimwendea kwa nyuma, akamvuta kiwiko mpaka ngumi ikae sawa. Hakuna aliyerudi nyumbani bila kuiona nyota aliyoifuata.

Tunaishi nyumba moja. Mume wangu ni kaka yake. Sisi tuna vyumba vya nyuma, yeye ana cha mbele pamoja na cherehani yake na marobota ya vitambaa. Dirisha analipima kwa macho, na akikosea, amekosea upana wa uzi. Shida ni kwamba jicho la namna hiyo haliishii kwenye madirisha. Chumvi yangu imezidi, shuka nimeianika upande, kaka yake amekonda tangu anioe. Nampenda wifi yangu, lakini kwa dozi.

Basi akaja mfamasia. Alikuja kama mwanafunzi, mwanamke mpole mwenye sauti ya chini, na kwa miezi ngumi yake ilikuwa imepinda kama mpini wa kikombe. Wifi alimnyoosha kiwiko mpaka akachoka. Halafu Jumamosi moja mfamasia akatoa kwenye mkoba kitu kama kalamu, akakibonyeza. Uzi wa kijani ukanyooka toka mkononi mwake ukaenda kugota kwenye nyota yenyewe, au ndivyo macho yalivyoona. Watu wote wakasema "aaah" kwa pamoja. Wifi alikuwa bado amekunja ngumi hewani.

Mwenyekiti wa kikundi ni dereva mstaafu wa malori, mtu wa sheria. Alisema leza si kitu cha kuchezea. Kuielekezea ndege ni kosa la jinai, na anayeishika huona upande anakoielekeza tu. Kwa hiyo akaweka utaratibu: leza haiwashwi mpaka mtu mwingine asimame akimpa mgongo mwenye leza, alinde upande wa pili wa anga, na akiona ndege apulize filimbi. Filimbi ikilia, leza inazimwa hapo hapo. Filimbi yenyewe akamkabidhi wifi mbele ya watu, kwa sababu ndiye mwenye macho makali kuliko wote. Heshima hiyo ilimchoma kuliko tusi.

"Kwa hiyo mimi nimegeuzwa ukuta," aliniambia tulipokuwa tunarudi.

"Umekuwa mlinzi, wifi."

"Mlinzi wa kupewa mgongo."

Nilimwambia kipya kinyemi, ingawa kidonda. Akanijibu kwamba kinyemi wanakila wengine, kidonda amebaki nacho yeye.

Na kweli kilimkaa. Tangu siku ile kila Jumamosi alisimama anatazama mapaa ya mabati na taa za barabarani, huku nyuma yake watu wanasema "aaah". Hakuiona sababu ya ile aaah, aliisikia tu. Nyumbani alishona, akafumua, akashona tena. Eti viatu vya mfamasia vilikuwa na kelele. Mkoba wake ulikuwa mkubwa kama wa mkunga. Sauti ile ya chini ni ya kujidai. Kibaya zaidi, mfamasia hakuacha kumshukuru, kila alipomaliza kuonyesha alisema, "Haya yote nimefundishwa na Bi Ngumi."

"Ananisifu kama marehemu," wifi alisema, akakata uzi kwa meno.

Kile kilikuwa kijiba cha roho, sina jina lingine la kukipa. Na kijiba kikapata filimbi.

Mwanzoni alipuliza kwa haki. Kisha akaanza kupuliza kwa ndege zilizo mbali kiasi kwamba hata yeye alilazimika kutuonyesha zilipo. Akapuliza kwa taa ya mnara. Akapuliza kwa popo. Mfamasia alipofika kwenye moyo wa Nge, ile nyota nyekundu ambayo wifi anaiona kama mali ya urithi, filimbi ililia mara mbili kabla uzi haujatulia. Kila ikilia, leza inazimwa, watu wanashusha pumzi, wanangoja.

"Wifi, ule ulikuwa mnara," nilimnong'oneza.

"Mlinzi hakisii," akanijibu.

Mwenyekiti alirudia kwamba sheria ni sheria, lakini hata yeye alianza kukuna kichwa. Watu wakaanza kucheka chini chini. Mfamasia naye, taratibu, akawa anamalizia sentensi kwanza ndipo azime. Baadaye akawa anashusha mkono kidogo tu, bila kuzima. Mimi nilikuwa nacheka pamoja na wenzangu, nisiwe mnafiki. Nilishakosolewa chumvi miaka mingi.

Jioni mambo yalipoharibika nilikuwa nimeketi karibu na mlango wa ngazi, kwa hiyo niliona pande zote mbili. Helikopta ilitokea nyuma ya majengo ya hospitali, upande wa wifi, iko chini na inakuja. Wifi akapuliza kwa nguvu. Mfamasia alikuwa anachora mkia wa Nge.

"Namalizia mkia, dada," akasema bila kugeuka.

Wifi akapuliza tena. Mtu mmoja akasema, "Leo kijiba kimempanda." Watu wakacheka. Akapuliza mara ya tatu, kisha akaitoa filimbi mdomoni akapiga kelele, "Zima!" Ngurumo ilikuwa imeshafika juu yetu. Helikopta ikapita katikati ya ule uzi, kioo chake kikawaka kijani kitupu, ikayumba kama gari linalokwepa shimo. Ndipo leza ikazimwa. Hakuna aliyecheka tena.

Jumamosi iliyofuata, jua halijazama, akaja afisa wa usalama wa anga na kipimo chake. Lebo ya leza ilitaja nguvu ndogo inayoruhusiwa. Kipimo kikaonyesha inaizidi hiyo mara kadhaa. Akatueleza kwamba mwanga ule mkononi ni mwembamba kama uzi, lakini kadiri unavyokwenda unapanuka, ukifika kwenye kioo cha rubani unakuwa shuka. Rubani hakuona kitu isipokuwa kijani, na nyuma yake alilala mgonjwa mahututi. Walitua salama kwa bahati. Akasema leza anaichukua, mfamasia atajieleza ofisini, na paa hili anaweza kulifunga leo leo.

"Mlikuwa na mtu wa kulinda anga?" akauliza.

"Tulikuwa naye," mwenyekiti akajibu.

"Alitoa ishara?"

"Nilipuliza mara tatu," wifi akasema, kifua mbele. Siku hiyo alivaa gauni lake jipya.

Afisa akamgeukia mfamasia. "Uliisikia filimbi?"

"Niliisikia."

"Sasa kwa nini hukuzima?"

Mfamasia alitazama viatu vyake vya kelele. Angeweza kueleza yote: mnara, popo, moyo wa Nge.

"Niliizoea," akasema.

Afisa alitutazama mmoja mmoja, akingoja mtu amfafanulie. Mwenyekiti akakuna kichwa tu. Kifua cha wifi kilishuka kidogo kidogo, na mkono wake ukaifunika filimbi shingoni. Mwishowe afisa akasema hatalifunga paa, kwa kuwa utaratibu ulikuwepo na mlinzi alifanya kazi yake. Kilichotuokoa ni filimbi.

Giza lilikuwa limeingia. Mwenyekiti akamwita, "Bi Ngumi, uwanja ni wako." Alichokilalia na kukiamkia muda wote ule, sasa kilikuwa chake tena.

"Nyoosheni mkono mpaka mwisho," wifi akaanza, na sauti haikuwa ya malkia. "Toka ncha ya mnara pandeni ngumi nne. Ile isiyometameta ndiyo sayari ya Zohali."

Mikono ikapanda. Lakini shingo zilikuwa zimegeuka. Kila mtu alikuwa anamtazama mfamasia kule pembeni, akingoja athibitishe. Mfamasia naye akanyoosha mkono, akakunja ngumi yake, akapima, kisha akaitikia kwa kichwa. Ndipo watu wakatazama juu.

Tulitembea mpaka kona ya nyumbani.

"Umeiona ngumi yake?" wifi akauliza. "Bado imepinda."

"Nimeiona."

"Na bado wanamwamini yeye."

Nikamshika mkono, tukavuka barabara.