Sindano ya Respa

Siku yangu ya kwanza katika chuo cha theolojia pale mjini, Mkuu wa Chuo alinikaribisha chai, kisha akanionya: "Mwalimu, hapa tunafundisha. Mambo ya makanisa ya watu hatuingilii." Nikaitikia. Kazi niliitaka.

Somo langu lilikuwa ufafanuzi wa Maandiko, yaani kuusoma mstari pamoja na ile iliyo kabla na baada yake, usije ukausingizia maana isiyo yake. Nililifundisha miaka mingi, mjini na baadaye katika tawi letu la Kilimani.

Nikiwa huko Kilimani ndipo Respa, mama wa kwaya kanisani kwetu Kangemi, alipoacha sindano zake za ugonjwa wa sukari. Mhubiri mgeni alikuwa amewaombea wagonjwa na kutangaza kwamba anayerudia dawa amemkana Mungu. Nilimkuta Respa kitandani, midomo imekauka, anapumua kwa shida.

"Respa, twende hospitali."

"Mwalimu, nikidungwa hiyo sindano si ni kama kuambia Mungu ananidanganya?"

"Mungu hajasema uache. Ni mtu amesema."

Akanitazama. "Yeye alisema mbele ya watu wote. Wewe mbona unaniambia huku chumbani?"

"Twende kwanza. Jumapili nitasema kanisani."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

Ndipo alipokubali kuinuliwa.

Mkuu aliposikia kwamba nitasema kanisani, alinipigia simu. "Makanisa ndiyo yanatuletea wanafunzi. Ukiwaudhi, sitakutetea."

"Nimeelewa, Mkuu. Lakini nimeahidi."

Jumapili nilisimama mbele ya waumini. Nikasema, "Aliyewaambia muache dawa amekosea. Kuomba tuombe, na dawa tumeze." Watu wachache walitoka. Kisha mzee mmoja wa kanisa akasimama nyuma.

"Na za presha, Mwalimu?"

"Hata za presha, mzee."

"Asante Yesu," akasema, akaketi kama mtu aliyetuliwa gunia. Mama mmoja akauliza kuhusu za kifafa cha mtoto wake. Tulichelewa sana kuimba wimbo wa mwisho.

Respa aliruhusiwa kurudi nyumbani akitembea mwenyewe. Jumatatu Mkuu aliniita. Nilijua nafutwa. "Simu za makanisa zimenichosha, wengine wanalaumu, wengine wanauliza kuhusu dawa zao," akasema. "Hayo maneno uje uyaseme mbele ya wanafunzi wote. Nitaketi mbele, waone niko nawe." Nilipofika kwenye ngazi nilicheka peke yangu.

Sasa nimestaafu, naishi mtaa wa Mountain View. Walimu vijana huja kuniuliza kama msomi wa dini anafaa kupinga mafundisho kama hayo hadharani. Huwa nawaambia waende kwanza wakamwone mgonjwa, kisha waamue.