Chakula Kilipogoma Kushuka kwa Mume Wangu

Mama mkwe alibadilisha sahani yangu na ya mume wangu mbele ya wageni.

Alinyoosha mkono, akavuta sahani ya mwanawe akaiweka mbele yangu, na yangu akampa yeye. Kisha akakaa kunitazama.

Mezani hakuna aliyehitaji kutafsiriwa: alishuku nimemtilia mwanawe kitu.

Nikala. Nikamaliza wali, nikamaliza nyama, nikakomba sahani kwa kidole ili wote waone bado napumua. Wifi yangu alijifanya anatafuta chumvi, na chumvi iko mbele yake.

Na mume wangu, ambaye sasa alikuwa anakula kilichokuwa changu, akakwamwa na tonge vilevile.

Si kule kupaliwa, ukikohoa imekwisha. Yeye alikuwa anasimama, anashika kifua, machozi yanamlengalenga, hata mate hayamezeki. Pumzi inapita, chakula hakishuki. Anakwenda chooni, unamsikia anajitapisha, anarudi anatabasamu kwa aibu.

Nilidhani hapo nimesafishika. Wapi.

"Basi haimo kwenye chakula," mama mkwe akasema, kwa ile sauti ya chini ya mtu aliyekwisha kata kesi. "Imo mkononi mwake."

Jamani, ukishaambiwa uchawi umo mkononi mwako, hata kumfulia mumeo shati unaogopa.

Ngoja niwaeleze tulifikaje hapo.

Mume wangu ni fundi wa madirisha ya alumini. Kazini walimpa jina la Taratibu, kwa sababu wenzake wakishanawa yeye bado anatafuna. Kila tonge na funda la maji. Nyama anaikatakata kama anamlisha mtoto. Tulipochumbiana niliona ni ustaarabu, nikajisifu kwa mashoga zangu kwamba nimepata mwanamume asiyekula kwa pupa.

Kumbe nilikuwa naolewa na mgonjwa.

Hali ilizidi baada ya harusi. Kabla yangu alikuwa anakula polepole, baada yangu akawa hali kabisa. Hesabu hiyo mama mkwe aliifanya mwenyewe na jibu akalipata.

Tukaanza kuzunguka.

Zahanati ya kwanza: vidonda vya tumbo. Vidonge.

Kliniki nyingine: tindikali inapanda. Vidonge vingine.

Sehemu moja wakamwingiza kamera mdomoni, wakaona wekundu kidogo, wakasema hakuna cha kutisha. Daktari akaandika kwamba ana wasiwasi. "Ana mawazo huyu," akatuambia.

Mama mkwe akageuka kunitazama. Aliposikia mawazo alijua yametoka wapi.

Mimi ni msusi. Kazi yangu kichwa cha mteja kiko mkononi mwangu na mdomo wake uko huru, kwa hiyo ushauri sikukosa. Huyu anasema tangawizi, yule anasema maombi. Mmoja aliniambia, "Dada, hiyo ni saratani ya koo, mjomba wangu alianza hivyo hivyo," halafu akainamisha kichwa niendelee kusuka.

Nikaendelea kusuka. Ningefanya nini?

Baada ya siku ile ya sahani, mama mkwe akatoa amri: mwanawe asile tena nilichopika. Anakaa mtaa wa pili tu. Kila asubuhi akawa anakuja na flaski ya maziwa ameyachemsha mwenyewe.

"Maziwa yanazima moto," anasema.

Na kweli yalikuwa yanashuka. Ndicho kitu pekee kilichoshuka bila vita. Mume wangu alikuwa anakunywa, anafumba macho, anapumua. Nitasema ukweli: pamoja na yote aliyonifanyia, moyoni nilikuwa namshukuru.

Lakini mwili ulizidi kupukutika. Mkanda alikuwa anautoboa matundu mapya kwa msumari.

Mimi nilikuwa naogopa kitu kimoja. Kwamba mume wangu atakufa mbele yangu, na siku ya mazishi watu watakuwa wananitazama mimi badala ya jeneza.

Kisha ikaja siku kipande cha nyama kilikwama kazini na hakikutoka. Wenzake walimpigapiga mgongo, wakamnywesha maji, maji yakarudi. Wakampeleka hospitali kubwa, nikawakuta huko na mafuta ya nywele bado mikononi.

Alikuwapo daktari bingwa, mama mmoja mfupi anayeongea haraka. Aliingiza kamera, akaitoa ile nyama, kisha akatuita mimi na mama mkwe, aliyefika nyuma yangu.

"Utotoni alikuwa na pumu? Mafua ya vumbi? Kujikunakuna?"

"Kifua kilimsumbua sana," mama mkwe akajibu. "Na ngozi pia. Lakini hilo lina uhusiano gani na kumeza?"

"Huenda likawa nao. Umio wake, yaani ile njia inayoshusha chakula tumboni, umejaa mikunjo ya duara. Nimenyofoa vipande vidogo juu, katikati na chini. Macho peke yake hayatoshi, tusubiri maabara."

Safari zote zile, hakuna aliyekuwa amenyofoa kipande.

Majibu tulikwenda kuyachukua wawili, mimi na mume wangu.

"Si saratani," daktari akasema, na mimi nikaanza kulia kabla hajamaliza. "Ni uvimbe wa mzio kwenye umio. Mwili wake umekasirikia kitu anachokula, unapeleka jeshi pale kila siku. Jeshi likikaa muda mrefu njia inavimba, kisha inakuwa nyembamba."

"Kitu gani?" nikauliza.

"Mara nyingi huwa maziwa. Ayaache kabisa, pamoja na kila kilichotiwa maziwa. Baadaye turudie kamera tuone."

Mume wangu akacheka. Kisha akaacha kucheka.

"Lakini daktari, maziwa ndiyo yananituliza."

"Yanakutuliza yakiwa yanapita. Kazi yake mbaya huisikii siku hiyo."

Tulipotoka getini akanishika mkono.

"Usimwambie mama."

"Kwa nini?"

"Baba alipofariki, mama alinikuza kwa kuuza maziwa. Alikuwa anauza yote, kikombe kimoja ananifichia mimi. Sasa nimwambie nini, kwamba amekuwa ananiua? Niachie mwenyewe. Nitamwambia nikipata wakati. Akiuliza majibu, sema si saratani, basi."

Nikakubali. Niwe mkweli, niliumia. Nilikuwa na ushahidi wa kunitoa kifungoni, na mtu ninayempenda ananiomba niuweke mfukoni.

Baada ya hapo flaski ikaacha kuja. Akaniambia suala la maziwa amelimaliza na mama yake, nami sikuuliza amelimaliza vipi.

Miezi ikapita akaanza kula, tena nilichopika mimi. Kamera ikarudiwa, daktari akasema jeshi linapungua. Siku aliyokula nyama bila kuikatakata nilikimbilia jikoni nikalia kwenye kitambaa cha vyombo.

Mama mkwe aliwaambia majirani kwamba maombi yake yamenishinda. Nikasema sawa, nimeshindwa, mradi mtu anakula.

Haikudumu.

Nikaona maji yamerudi mezani. Funda kila tonge. Nikaona anaikata nyama tena, anaficha kwa kuongea sana.

"Unakula nini huko nje?"

"Hakuna."

Nikapekua nyumba nzima. Mkate, biskuti, siagi, vyote nikatupa. Nikasoma maandishi ya kila pakiti mpaka mwenye duka akaniuliza kama nimeajiriwa na serikali. Sikupata kitu. Kila nilichopika kilikuwa safi, na kila siku anazidi kukonda.

Hapo ndipo na mimi nilianza kuamini kwamba labda ni mimi kweli. Nilikuwa naitazama mikono yangu nikiwa nasuka, nashindwa kumaliza mstari.

Siku chakula kilipokwama tena, mama mkwe alikuwapo. Tukakaa wote kwenye benchi la hospitali, mkoba wake katikati yetu.

Daktari yule yule akatoka.

"Tumekitoa. Lakini njia imekuwa nyembamba sana, itabidi tuitanue polepole, na kutanua kuna hatari ya kupasuka. Niambieni, maziwa aliacha kweli?"

"Aliacha, daktari," nikasema. "Nyumbani kwangu hayaingii."

Mama mkwe akaketi wima.

"Nani kasema ameacha? Alikaa miezi michache bila, nikamsihi, sasa kila asubuhi anapita kwangu kabla ya kazi. Namchemshia kwa mkono wangu na anakunywa namwona. Mwanangu huyu bila mimi angekuwa ameshakufa."

Alisema kwa fahari. Alikuwa anamwambia daktari, lakini maneno alikuwa ananitupia mimi.

Daktari akanitazama. Mimi nikatazama sakafu.

Daktari hakujua mambo ya nyumba yetu. Akamweleza vilevile alivyotueleza sisi, kwa upole, akamshika bega, kisha akaitwa ndani.

Mama mkwe hakulia. Aliufungua mkoba, akaufunga, akaufungua tena.

"Ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu majibu yalipotoka. Alinikataza nisikwambie. Mimi nilidhani ameacha."

"Nimekuita mchawi mbele ya watu. Na wewe ulikuwa na hili, ukanyamaza?"

Nikausogeza mkoba kando, nikamkaribia.

"Mngeniambia," akasema. "Ningelia, nikanyamaza. Nani kawaambia mama anakufa kwa kuambiwa ukweli?"

Wauguzi wakamtoa mume wangu akiwa juu ya kitanda cha magurudumu, koo limetiwa ganzi, sauti hana. Alimwona mama yake akaelewa. Akafungua mdomo, haikutoka hata herufi.

"Usiseme kitu," mama yake akamwambia, akampangusa mate. Kisha akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe akaniita mwanangu.

"Mwanangu, sasa nimpe nini?"

Sikujua. Mpaka naandika hapa bado hajatanuliwa hadi mwisho, tunakwenda na kurudi, na swali lile sijampa jibu linalomtosha.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi maradhi hatukuyaficha, tuliyatangaza mpaka saluni. Tulichoficha ni chanzo chake, tena tulimficha mwenye kukichemsha.

Kama kwako kuna mtu chakula kinamkwama, usikubali kuambiwa ni mawazo, omba wanyofoe kipande wapime. Na majibu yakitoka, msimfiche yule anayempenda mgonjwa kuliko wote, kwa sababu huyo hataacha kumlisha.